Ndugu wa tumbo moja, dozi moja: kwa nini dawa humtesa mmoja na kumwacha mwingine

Swali: Mimi na mdogo wangu ni wa baba mmoja mama mmoja, na sote tuko kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Enzi za TLE, kidonge cha zamani chenye efavirenzi, nilikuwa naota majinamizi usiku kucha, asubuhi nayumba kama mlevi, na hali hiyo ilidumu miezi mingi. Mdogo wangu alimeza kidonge kilekile, saa ileile, akalala vizuri. Tulipohamishiwa TLD, kidonge chenye dolutegraviri badala yake, sote tukawa sawa. Mwaka huu tumepewa dawa kinga ya kifua kikuu, isoniazidi miligramu 300 kwa siku. Hii ni wiki ya saba; nyayo zangu zinawaka moto na vidole vya miguu vina ganzi, yeye hana lolote. Nyumbani wanasema mwili wangu ni dhaifu, eti damu yangu haipatani na dawa. Ni kweli? Nikapime jeni? Na wanangu je, watarithi?

Jibu: Dada, nianze na nyayo, maana jeni zinaweza kusubiri lakini neva haziwezi. Ganzi na kuwaka moto kunakoanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza isoniazidi, ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo. Rudi kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Beba kila unachomeza, dawa za asili nazo, na uulize waziwazi: je, ninapewa vitamini B6, ile inayoitwa piridoksini? Kiasi cha kukinga neva ni miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Wengine hupewa kidonge cha mchanganyiko chenye kotrimoksazoli, isoniazidi na B6 ndani yake, kwa hiyo tayari wanaipata bila kujua; wengine hupewa kidonge kidogo cha pembeni, na hicho ndicho kinachosahaulika nyumbani au kukosekana stoo. Neva zikishaanza kulalamika, daktari huongeza hadi miligramu 50 au 100 kwa siku na kufuatilia. Usijipandishie mwenyewe dukani, kwa sababu B6 ikizidi sana kwa muda mrefu hujeruhi neva zilezile unazotaka kuziponya.

Usiache isoniazidi kwa uamuzi wako kwa sababu ya ganzi peke yake. Ila kuna dalili ambazo zikitokea unaacha kidonge siku hiyohiyo na kwenda hospitali: kichefuchefu kisichoisha, kutapika, kukosa hamu ya kula, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho kuwa ya manjano. Hapo ini ndilo linaloumia, na kila dozi inayofuata huongeza hatari.

Sasa hilo la mwili dhaifu. Si kweli, na ningependa wanaokwambia hivyo walisome jibu hili pamoja nawe. Ulichotuandikia kina ushahidi ndani yake: TLE ilikutesa, TLD haikukutesa, isoniazidi inakutesa. Mwili dhaifu usingechagua. Kinachochagua ni ini, kwa sababu kila dawa ina njia yake ya kuondoka mwilini, na katika kila njia kuna kimeng'enya kinachofanya kazi ya kuivunja au kuibadilisha ili itoke kwa mkojo au choo. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake, na kila jeni kwa kawaida unayo kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni huandikwa kwa herufi nne za kikemikali: A, C, G na T. Nakala zikiwa na herufi tofauti mahali fulani, kimeng'enya hicho kimoja hufanya kazi polepole, au kwa kasi, au hakitengenezwi kabisa, huku vingine vyote vikiwa sawa na vya jirani yako.

Tuchukue TLE. Ndani yake mlikuwa na tenofovira, lamivudini na efavirenzi, na aliyekuletea majinamizi ni huyo wa tatu. Efavirenzi huvunjwa zaidi na kimeng'enya kinachoitwa CYP2B6, ambacho jeni yake imo kwenye kromosomu ya 19. Katika jeni hiyo kuna mahali pa 516 ambapo watu wengi wana herufi G na wengine wana T. Badiliko hilo la herufi moja linabadilisha kiungo kimoja cha protini, cha 172, kutoka glutamini kuwa histidini, lakini madhara makubwa hayatokei hapo. Yanatokea hatua moja kabla, pale seli inapokata na kuunga ujumbe wa jeni ili uwe tayari kusomwa. Herufi T humpotosha mkataji, akaruka vipande vya 4 hadi 6, na ujumbe mwingi ukaharibika. Ni kama fundi cherehani aliyepewa karatasi ya vipimo iliyochanwa katikati: nguo chache zitashonwa, nyingi hazitatoka. Ini linabaki na CYP2B6 kidogo.

Ukiwa na G mbili, dawa huondoka kwa mwendo wa kawaida. Ukiwa na G moja na T moja, uko katikati. Ukiwa na T mbili, dawa hubaki. Mwaka 2004 David Haas na wenzake nchini Marekani walipima jumla ya efavirenzi inayopita katika damu kwa siku nzima, wakapata kipimo cha 44 kwa wenye G mbili, 60 kwa wenye moja moja, na 130 kwa wenye T mbili, wote wakimeza miligramu 600. Karibu mara tatu, kwa kidonge kilekile. Hiyo ni jumla ya siku nzima; kiwango ambacho matabibu hukilenga katika damu kwa wakati mmoja ni kati ya miligramu 1 na 4 kwa lita. Chini ya hapo virusi vinaweza kuponyoka, juu ya hapo ubongo unaanza kulipa, kwa ndoto kali, kizunguzungu, huzuni, kushindwa kukaza mawazo. Kwa watu wengi dalili hizi hupungua baada ya wiki chache, kwa sababu ubongo unazoea na pia kwa sababu efavirenzi yenyewe huliamsha ini litengeneze CYP2B6 zaidi. Mwenye T mbili hafaidiki sana na kuamshwa huko. Ndiyo maana miezi mingi uliyoitaja inanifanya nione kwamba inaelekea sana uko upande huo, ingawa dalili pekee haziwezi kuthibitisha jeni. Vyakula vyenye mafuta mengi navyo huongeza kiasi cha efavirenzi kinachoingia mwilini, na hiyo ndiyo sababu mliambiwa mmeze tumbo likiwa halina chakula, wakati wa kulala.

Kuna badiliko la pili katika jeni hiyohiyo, mahali pa 983, T kuwa C. Hili linaitwa *18 (nyota na namba ni jina la toleo la jeni), na huonekana kwa watu wenye asili ya Afrika, Wazungu hawana. Kimeng'enya kinachotokana nalo hakifanyi kazi. Mtu mwenye T moja ya 516 kwenye nakala moja na C ya 983 kwenye nakala nyingine ni wa polepole sawasawa na mwenye T mbili. Likumbuke hili, litarudi tukifika kwenye vipimo.

T ya 516 si kitu adimu kwetu. Kati ya Wazungu ni karibu robo ya nakala zote. Katika jamii nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ni kuanzia theluthi moja hadi nusu. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2008, kutoka taasisi ya utafiti ya AiBST ya Harare, iliyoanzishwa na mwanasayansi Collen Masimirembwa, ulikuta asilimia 49. Hesabu ni rahisi: kama T ni asilimia 36 ya nakala, wenye T mbili ni 0.36 mara 0.36, yaani karibu watu 13 katika kila 100. Ikiwa ni asilimia 49, wanafika 24. Dozi ya miligramu 600 iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika kidonge cha kwanza kwa watu wazima duniani kote. Mwaka 2014 jaribio kubwa la ENCORE1 likaonyesha kwamba miligramu 400 zinafubaza virusi sawasawa na 600. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 wa dawa na jeni unapendekeza kufikiria miligramu 400 au hata 200 kwa mwenye nakala mbili za polepole. Ukiweka miaka hiyo pamoja, inauma: mamilioni ya watu wa bara hili walimeza dozi iliyokuwa kubwa mno kwa ini la watu wengi miongoni mwao, na waliolalamika waliambiwa wavumilie. Wengine waliacha dawa kimyakimya. Huko Afrika Kusini madaktari wameeleza wagonjwa waliofika hospitali baada ya miaka ya kutumia efavirenzi wakiwa hawawezi kutembea sawasawa, wamechanganyikiwa, kiwango cha dawa damuni kikiwa juu kupita kiasi. Wakiachishwa dawa, wengi walipata nafuu.

Mwendo huo wa polepole una sura nyingine ambayo watu hawaifikirii. Nusu ya efavirenzi huondoka damuni kwa takriban saa 23 kwa mwenye G mbili, saa 27 kwa mwenye moja moja, na saa 48 kwa mwenye T mbili. Mtu akiacha vidonge vyote siku moja, tenofovira na lamivudini hutangulia kuondoka, efavirenzi hubaki peke yake. Makadirio yalionyesha inaweza kukaa juu ya kiwango cha kuzuia virusi kwa siku 6 hivi kwa wa kwanza na siku 14 kwa wa tatu. Hizo ni siku ambazo virusi vinapambana na dawa moja tu, na dawa moja ndiyo shule ambamo virusi hujifunza usugu. Kwa hiyo yeyote anayesoma hapa na bado anatumia dawa yenye efavirenzi, asiache ghafla hata kama ndoto zinamtesa. Aende abadilishiwe.

Mlipohamishiwa TLD, efavirenzi ilitoka na dolutegraviri ikaingia. Dolutegraviri haipiti kwa CYP2B6. Huondolewa zaidi na kimeng'enya UGT1A1, na kwa kiasi kidogo na CYP3A4. UGT1A1 nayo ina nakala za polepole, lakini tofauti inayoleta ni ndogo na haihitaji kubadili dozi ya miligramu 50. Ndiyo sababu mlikuwa sawa wote wawili: njia yako iliyobanwa haikutumika tena. Akitokea mtu TLD inamkosesha usingizi, mara nyingi kinachosaidia ni kuihamishia asubuhi.

Sasa isoniazidi. Hii ni hadithi ya zamani kuliko ya efavirenzi, na kwa kweli ni mojawapo ya dawa zilizowafundisha wanasayansi kwamba jambo hili lipo. Isoniazidi ilianza kutibu kifua kikuu mwaka 1952, na haikuchukua muda ikaonekana kwamba wagonjwa wengine waliitoa kwa mkojo ikiwa imebadilishwa karibu yote, wengine ikiwa nzima. Mwaka 1960 David Price Evans na wenzake walichapisha vipimo vya watu 267 wa familia 53: waliwapa dozi moja, wakasubiri muda wa saa sita, wakapima damu. Matokeo hayakuwa mlima mmoja wenye watu wengi katikati, kama urefu wa watu unavyokuwa. Yalikuwa milima miwili, na ukifuata baba, mama na watoto, mgawanyo ulikwenda kwa kanuni za urithi.

Kimeng'enya chenyewe kinaitwa NAT2, jeni yake iko kromosomu ya 8, na kazi yake ni kuibandika isoniazidi kipande kidogo cha asetili kinachoizima. Nakala za polepole zina mabadiliko ya herufi kwenye mahali kama 341, 590, 857 na 191. Hapa kosa si la mkataji wa ujumbe kama kule CYP2B6. Protini hutengenezwa, ila haidumu: seli huiona imekunjika vibaya na kuivunja mapema, au inadumu lakini haibandiki vizuri. Mtu mwenye nakala mbili za polepole, nusu ya isoniazidi humtoka kwa saa 3 hadi 4. Wa haraka, saa 1 na kidogo. Na hii si hali ya wachache. Kwa Wazungu na kwa jamii nyingi za Afrika, karibu nusu ya watu au zaidi ni wa polepole, wakati Japani ni kama mmoja kwa kumi. Kwa hiyo ukiwa wa polepole kwa NAT2, wewe ni wa kawaida kabisa. Tena, kwa dozi ya kila siku, wa polepole hapungukiwi kinga, na kwa dozi ya kila siku wa haraka naye hutibika. Tofauti ilijitokeza katika majaribio ya Madras, India, pale isoniazidi ilipotolewa mara moja kwa wiki pamoja na streptomaisini: wa haraka walipona kwa kiwango cha chini zaidi, kwa sababu dawa iliwatoka mapema mno.

Isoniazidi inafikaje nyayoni? Inajifunga na umbo la B6 ambalo neva hulitumia, na pia inazuia kimeng'enya kinachoitayarisha B6 kwa kazi. Kinachofungwa hutoka kwa mkojo. Kadiri isoniazidi inavyokaa, ndivyo B6 inavyopotea. Neva ndefu kuliko zote ni zile zinazotoka mgongoni hadi vidole vya miguu, nazo ndizo huishiwa kwanza. Kwa kuwa shida yenyewe ni upungufu wa B6, jeni ni sehemu moja tu ya sababu. Ujauzito, kunyonyesha, kula chakula kisichotosha, pombe, kisukari, ugonjwa wa figo na virusi vyenyewe, vyote vinapunguza akiba au kuumiza neva kwa njia yao. Mdogo wako anaweza kuwa na nakala zilezile za NAT2 kama wewe na asione kitu kwa sababu akiba yake ni kubwa au hakukosa kidonge cha B6. Ndiyo maana ninataka upimwe sukari na figo ukirudi kliniki, hata kama nina hakika ya isoniazidi. Na mpimwe uzito. Miligramu 300 kwa mtu wa kilo 45 ni karibu miligramu 6.7 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 75 ni 4. Ukiwa mwembamba na wa polepole pia, damu yako inabeba dawa nyingi kuliko ya mdogo wako hata bila jeni nyingine yoyote.

Jambo moja la kihistoria kwenu nyote mliotumia isoniazidi na efavirenzi kwa pamoja: isoniazidi huzuia kimeng'enya CYP2A6, ambacho ni njia ndogo ya pembeni ya efavirenzi. Kwa mwenye CYP2B6 nzuri hilo halina uzito. Kwa mwenye T mbili, njia kuu imebanwa na sasa ya pembeni nayo imezibwa, na kiwango hupanda zaidi, hasa kama NAT2 pia ni ya polepole na isoniazidi inakaa muda mrefu. Kwa upande wa TLD, isoniazidi peke yake haidai mabadiliko ya dozi. Rifampisini ndiyo inayodai: wakati unatibiwa kifua kikuu chenyewe kwa dawa zenye rifampisini, dolutegraviri inakuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampisini huamsha vimeng'enya vingi kwa nguvu na kuiondoa mapema. Hapo jeni yoyote uliyo nayo inafunikwa na dawa nyingine.

Kwa nini ndugu wa tumbo moja watofautiane? Kwa sababu kila mzazi hutoa nakala moja kati ya mbili alizo nazo, na kwa kila mtoto kura hupigwa upya. Tuseme baba na mama yenu wote walikuwa na G moja na T moja za CYP2B6. Kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata T mbili, 2 kati ya 4 ya kupata moja moja, 1 kati ya 4 ya kupata G mbili. Tuseme vivyo hivyo kwa NAT2. Kwa kuwa jeni hizi ziko kwenye kromosomu tofauti, hazifuatani. Nafasi ya mtoto kuwa wa polepole kwa zote mbili ni 1 kati ya 16. Wewe huenda ndiye huyo mmoja. Mdogo wako angeweza kuangukia popote katika hizo nyingine.

Na usichukue hali ya jeni moja ukaihamishia kwa nyingine. Mfano mzuri ni kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi. Yenyewe haina nguvu kubwa. CYP2D6 huibadilisha sehemu yake kuwa mofini. Jeni ya CYP2D6 inaweza kufutika kabisa, na inaweza pia kurudiwa ikawa nakala tatu au zaidi. Huko Ethiopia, utafiti wa mwaka 1996 wa Eleni Aklillu na wenzake ulikuta asilimia 29 ya watu wana nakala za ziada. Kwa mtu kama huyo mofini hutengenezwa kwa kasi, na mtoto mdogo anaweza kuacha kupumua; mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba kodeini isitumike kwa watoto chini ya miaka 12. Angalia jinsi mwelekeo unavyogeuka: kwa efavirenzi wa polepole ndiye anayeumia, kwa kodeini ni wa haraka, na wa polepole anabaki na maumivu yake. Mwendo wako kwa TLE haukwambii lolote kuhusu kodeini.

Hata ndani ya jeni moja, herufi hazimalizi habari. Watafiti wa Tanzania na Ethiopia walilinganisha wagonjwa wa nchi hizo mbili wenye CYP2B6 inayofanana kwa herufi zilizopimwa, dozi ileile ya efavirenzi, na Watanzania bado walikuwa na kiwango cha juu zaidi. Kuna jeni nyingine, chakula, uzito, na mengine. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema dawa fulani ni ya Waafrika au haiwafai Waafrika. Ethiopia na Tanzania zote ziko Afrika Mashariki, na tayari watu wake wanatofautiana.

Ukapime jeni? Kwa hali yako ya leo, sikushauri utoe fedha zako. Efavirenzi umeshaiacha. B6 unastahili kupewa, uwe wa polepole au wa haraka. Hakuna uamuzi wa wiki hii ambao jibu la jeni lingeubadilisha. Ningefikiri tofauti kama ungelazimika kurudishwa kwenye efavirenzi, au kama ini lingeumia wakati wa kutibiwa kifua kikuu chenyewe. Japani walijaribu kugawa isoniazidi kwa NAT2, miligramu 2.5 kwa kilo kwa wa polepole na 7.5 kwa wa haraka, na wa polepole waliopewa dozi ndogo waliepuka madhara ya ini yaliyowapata wenzao wa dozi ya kawaida. Ni njia inayoeleweka, ila haipaswi kuigwa nyumbani kwa kukata vidonge.

Ukija kupima siku moja, ujue mambo haya. Inachukuliwa damu mililita chache katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, au mate, au kijiti kinachopanguswa ndani ya shavu. Huhitaji kufunga, na dawa unazotumia haziharibu matokeo, kwa sababu herufi hazibadiliki; kipimo kimoja kinatosha maisha yote. Aliyepandikizwa uboho, damu yake ina jeni za aliyemchangia, si zake. Aliyepandikizwa ini, herufi za mate yake hazielezi tena ini lake.

Kosa kubwa linatokea katika orodha ya herufi zinazopimwa. Vifaa vingi vilitengenezwa kwa kuangalia watu wa Ulaya. Kikipima CYP2B6 mahali pa 516 bila 983, mwenye *18 ataandikiwa kuwa wa kawaida. Kikipima NAT2 bila mahali pa 191, badiliko linaloitwa *14 na linaloonekana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika, wa polepole ataandikiwa kuwa wa haraka. Neno «kawaida» kwenye karatasi maana yake ni kwamba hawakukuta kile walichokitafuta. Kabla ya kulipa, omba maabara ikuandikie orodha ya mahali panapopimwa, na kama 983 na 191 hazimo, pesa yako ibaki mfukoni. Jambo jingine la kiufundi: pembeni ya CYP2B6 kuna jeni mfu inayofanana nayo sana, CYP2B7. Maabara isiyo makini hunakili hiyo badala ya ile, na majibu hutoka ya mtu asiyekuwepo.

Kuhusu wanao. Kama kweli una T mbili, kila mtoto wako amechukua T moja kutoka kwako, hakuna aliyekwepa. Kama baba yao hana T, hakuna mtoto atakayekuwa na T mbili. Kama anayo moja, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kama anazo mbili, wote ni kama wewe. NAT2 inakwenda kwa hesabu hiyohiyo. Huo si ugonjwa wa kurithi. Mtoto mwenye T mbili ataishi bila kujua mpaka atakapomeza dawa inayopita njia hiyo. Nao watoto wachanga ni suala jingine, kwani NAT2 yao haijakomaa katika miaka ya mwanzo, na huenda polepole hata akiwa na nakala za haraka.

Ukiwa kliniki, mwombe muuguzi aandike kwenye kadi yako, kwa kalamu, mistari miwili: «Efavirenzi 600: majinamizi na kuyumba kwa miezi mingi, yakaisha alipohamishiwa TLD.» Na wa pili: «Isoniazidi 300: ganzi na kuwaka nyayo wiki ya 7, uzito kilo fulani, B6 alikuwa akipata kiasi fulani.» Wazijaze hizo namba mbili mbele yako.